Zinfandel Nyingi Zinafunguliwa Zimeshachelewa

Mhariri,

Naandika kuhusu ile makala yenu ya vinywaji iliyosema waini nyekundu yoyote ya maana ukiiweka inazidi kuwa nzuri, alafu mkaitaja Zinfandel ya California (jina la zabibu na la waini yake) pamoja na Cabernet, ambayo ni zabibu nyingine nyekundu, kana kwamba ni kitu kimoja. Naomba nafasi nijibu, kwa sababu kuna wasomaji watafuata ushauri huo, wataficha chupa miaka 12 au 15 wakisubiri siku kubwa, na siku wakifungua watakuta kitu kimechoka, watasema kumbe Zinfandel yenyewe ndo hii, wakati ilikuwa nzuri kweli kweli ila muda wake ulishapita. Na kuna wale wa upande wa pili wanaosema Zinfandel haitunziki kabisa, ukinunua kunywa, nao pia wanawakosesha watu kitu kizuri.

Msimamo wangu nauweka mapema. Zinfandel nyingi, tena nyingi sana, zina raha yake kati ya mwaka wa 2 na wa 5 au wa 6 tangu mavuno, baada ya hapo zinashuka. Chache zinapanda, zinafika miaka 10, 15, zingine 20 na zaidi, na zinakuwa waini tofauti kabisa na ile uliyoinunua. Kinachozitenga hizo chache na wenzao sio bei wala urembo wa lebo, ni shamba zilikotoka na siku zabibu zilipochumwa.

Kuielewa Zinfandel inabidi uanze na kishada chenyewe. Zabibu nyingi huiva kwa pamoja, hii hapana. Shika kishada kimoja mwezi wa 9 pale Dry Creek Valley, kaunti ya Sonoma, ukiangalie kwa karibu: punje nyingi nyeusi tii zimejaa maji, pembeni yake mbili tatu bado za pinki na ngumu ukizibonyeza, na kwa huku zingine zimeshasinyaa zimekuwa zabibu kavu, zote kwenye kishada kimoja siku moja. Alafu kishada kimebana na ganda lake ni jembamba, ikinyesha mvua kidogo wakati huo kinaanza kuoza kwa ndani huku nje kinaonekana kizima. Sasa mkulima afanyeje? Akichuma mapema anapata ubichi wa zile za pinki, akisubiri za pinki ziive basi zilizotangulia zimekauka na sukari imepaa. Wengi wanasubiri. Na hata zikishaingia kwenye tangi mambo hayajaisha, maana zile kavu zinalowa taratibu na kuachia sukari yake siku za mbele, kwa hiyo kipimo kilichosomwa siku ya kwanza kinakuwa cha chini kuliko hali halisi. Kila gramu 17 hivi za sukari kwenye lita moja zinageuka kuwa asilimia 1 ya kilevi, ndo maana mtu anajikuta amepata 15.5 wakati alipanga 14.5, na zipo zinazogonga 16 na kupita.

Hapo kwenye kilevi ndo penye shida yote ya kutunza, naomba msomaji asiniruke. Waini ikiwa ndani ya chupa vitu vingi vinabadilika. Harufu za matunda mabichi, zile za rasiberi na blakiberi na forosadi ambazo ndo zinamfanya mtu aipende Zinfandel, zinafifia kwanza. Rangi ya zambarau inaenda kwenye nyekundu, kisha kwenye rangi ya tofali. Tanini, yaani vile vitu vya kwenye ganda na mbegu vinavyoleta ukakasi mdomoni, zinashikana na rangi zinakuwa vipande vikubwa, ukakasi unalainika, na vingine vinazama chini kama mashapo. Uchachu unabaki karibu palepale. Na kilevi nacho kinabaki palepale, hakipungui hata nukta. Kwa hiyo waini ya asilimia 16 ikiwa changa ina matunda mengi kiasi kwamba joto la kilevi huliskii, au unaliskia kidogo ukalipenda, lakini ipe miaka 10 matunda yameondoka, kilichobaki ni kilevi peke yake na ladha ya zabibu kavu zilizopikwa, inaunguza koo na katikati ya mdomo hakuna kitu. Mtu anasema imeharibika. Haijaharibika wala haijaingia hewa, imeishiwa tu kile kilichokuwa kinaifunika.

Cabernet ina kinga ambayo Zinfandel haina kwa kiwango hicho. Ganda nene, punje ndogo, tanini nyingi, kwa hiyo hata matunda yakipungua kuna mwili unaobaki umesimama. Zinfandel ikiwa peke yake tanini zake ni za wastani. Ndo maana nilishtuka kuona mmeziweka kwenye sentensi moja.

Kuna na jambo lingine ambalo halionekani kwenye lebo lakini lina uzito. Zabibu zikikaa sana kwenye mti sio sukari tu inayopanda, uchachu nao unashuka, maana yake pH, kile kipimo ambacho namba yake inapanda uchachu ukishuka, inapanda. Sasa ile salfa dioksaidi kidogo inayowekwa kuilinda waini na hewa na vijidudu inafanya kazi vizuri kwenye pH ya chini, ikipanda nguvu yake inapungua haraka mno: waini yenye pH ya 3.8 inahitaji karibu mara mbili ya salfa huru inayohitajika kwenye 3.5 ili ipate ulinzi uleule. Mtengenezaji hawezi kuongeza ongeza tu bila mwisho, itaonekana kwenye harufu. Kwa hiyo ile chupa nzito tamu tamu iliyoiva kupita kiasi, ambayo mwonaji wa kawaida ataona kwa uzito wake itakaa miaka mingi, ndo hiyohiyo iliyoingia kwenye chupa ikiwa na ulinzi mdogo kuliko wenzake. Watu wanachukulia unene kuwa ni nguvu. Kwenye jambo la umri, uchachu ni muhimu kuliko unene.

Sasa hizo chache zinazopanda ni zipi. Hapa ndo napapenda, naomba mnivumilie.

California ina mashamba ya mizabibu yaliyopandwa miaka ya 1880 na mwanzoni mwa miaka ya 1900 ambayo bado yanazaa. Old Hill Ranch iko Sonoma Valley, na shamba la Bedrock lililopandwa upya na George Hearst mwaka 1888 liko hukohuko. Wazee waliopanda mashamba hayo hawakupanda aina moja ya zabibu. Zinfandel ndo ilikuwa nyingi, lakini katikati ya mistari walichomeka Petite Sirah, Carignane, Alicante Bouschet, Mataro na zingine ambazo mpaka watu wamepima DNA ndo wamezijua. Siku ya kuchuma zote zinachumwa pamoja, zinachacha pamoja kwenye tangi moja. Na ukiangalia walichofanya ni akili kubwa sana: Petite Sirah inaleta tanini na rangi, yaani ule mwili ambao Zinfandel inaukosa, Carignane inaleta uchachu, na Alicante nyama yake ya ndani yenyewe ni nyekundu, sio ganda tu, kwa hiyo rangi haikatiki. Kila upungufu nilioutaja juu, kuna zabibu imepandwa hapo kuuziba. Alafu mti wa miaka 100 unazaa vishada vichache, na wakulima wengi wa mashamba hayo wanasema uivaji wake unatulia kuliko wa mti mchanga, ile tofauti ya pinki na kavu inapungua, kwa hiyo wanaweza kuchuma kabla sukari haijapaa.

Mfano unaojulikana zaidi ni waini iitwayo Geyserville ya kiwanda cha Ridge, California. Waliitoa mara ya kwanza kwa mavuno ya 1966, na kuanzia 1969 Paul Draper aliingia pale Ridge akaongoza kazi ya kutengeneza waini kwa miongo mingi. Angalia lebo yake, wanaandika asilimia ya kila zabibu iliyomo, na utaona jina Zinfandel halijakaa kama jina la waini, kwa sababu sheria ya Marekani inataka angalau asilimia 75 ya aina moja ndo uandike jina lake mbele, na miaka mingi Geyserville haifiki hapo. Kilevi chake kwa kawaida kinacheza kwenye 14 na kitu, sio 16. Lytton Springs ya hukohuko kwao nayo imejengwa kwa mtindo huo, Petite Sirah inaingia ya kutosha. Hizi ndo chupa ambazo watu wamezitunza tangu miaka ya 70 na kuzifungua baadaye wakakuta ziko hai. Joel Peterson naye aliyeanzisha Ravenswood mwaka 1976 alifanya kazi na mashamba ya aina hii, Old Hill ikiwemo, na chupa zake za shamba moja ni tofauti kabisa na zile za bei ndogo zilizokuwa zimejaa kwenye rafu kwa jina hilohilo la Ravenswood. Jina la kiwanda peke yake halikwambii kitu, soma jina la shamba.

Naomba niseme na hili maana limo ndani ya makala yenu. Mlitaja ushindi wa Ridge kama ushahidi kwamba Zinfandel inazeeka vizuri. Waini iliyoshinda ni Monte Bello ya 1971, na Monte Bello ni Cabernet. Kwenye shindano la Paris mwaka 1976, lile la waini za California na za Ufaransa, ilikuwa ya 5 kati ya nyekundu, na walipoonja tena waini zilezile mwaka 2006, miaka 30 baadaye, ikawa ya 1. Ni habari nzuri sana kuhusu umri na kuhusu California, ila Zinfandel haikuwepo mezani siku hiyo hata moja. Kiwanda ni kimoja, mtengenezaji ni yuleyule, zabibu ni nyingine. Mkirekebisha hapo mtakuwa mmewasaidia wasomaji.

Kuhusu ile ya pinki, White Zinfandel, nitasema kwa kifupi: hiyo usiitunze hata kidogo. Sutter Home walianza kuitoa mwaka 1972 wakiwa wanaondoa juisi kidogo ili nyekundu yao iwe nzito, mwaka 1975 uchachukaji ukakwama katikati sukari ikabaki, watu wakaipenda ikauzwa kwa wingi wa ajabu. Kilevi kidogo, utamu, tanini hakuna. Ni ya kunywa ikiwa baridi, na kila mwezi unaopita inapoteza. Lakini nisiitukane, maana bila ile biashara ya pinki mizabibu mingi mizee ya Zinfandel ingeng'olewa miaka ya 70 na 80 ikapandwa kitu kingine, na haya mashamba ninayoyasifia mengi tungekuwa tunayasoma tu. Kabla ya hapo yaliokolewa na kipindi cha marufuku ya pombe Marekani, 1920 mpaka 1933, kwa sababu sheria iliwaachia watu kutengeneza kidogo nyumbani, zabibu zikawa zinapakiwa kwenye treni kutoka California kwenda miji ya mashariki na wakulima hawakuwa na sababu ya kung'oa.

Na Primitivo ya Puglia kule Italia ni zabibu hiihii, DNA imeshamaliza ubishi, na mwaka 2001 Carole Meredith wa chuo kikuu cha UC Davis, California, pamoja na watafiti wa Kroatia Ivan Pejić na Edi Maletić wakaikuta mizizi yake pale Kaštel Novi karibu na Split, inaitwa Crljenak Kaštelanski. Nalitaja kwa sababu wapo wanaosema Primitivo inatunzika na Zinfandel haitunziki au kinyume chake. Zabibu ni moja, maswali ni yaleyale: kilevi kiasi gani, uchachu uko wapi, imechanganywa na nini.

Niwaambie tofauti ilivyo ukiwa na glasi mbili mbele yako. Nimewahi kuonja mbili za mwaka mmoja wa mavuno, zote zimepita miaka 10, moja ya shamba la zamani lenye mchanganyiko na nyingine ya kilevi cha juu kutoka mahali ambapo sitapataja. Ukiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe ile ya kwanza katikati ilikuwa bado nyekundu inang'aa na pembeni tofali jembamba tu, ya pili ilikuwa kahawia mpaka karibu na katikati. Ya kwanza harufu ya matunda ilikuwepo ila yamekauka, sio mabichi tena, na nyuma yake ngozi, tumbaku, mti wa mwerezi, pilipili manga kwa mbali, mtu asiyejua angebisha kwamba ni waini ya zamani ya Bordeaux, Ufaransa. Mdomoni imekuwa laini na inakaa muda mrefu baada ya kumeza, uchachu unakuita upige funda lingine. Ya pili puani ilianza na kilevi chenyewe kabla ya kitu kingine, kisha zabibu kavu na kama mchuzi wa soya, na ukimeza inakatika palepale inaacha moto. Miaka kadhaa nyuma hiyo ya pili ndo ingeshangiliwa na wengi, na kwa haki kabisa, ilikuwa na matunda ya kumwaga.

Na wala sisemi kilevi kikiwa juu basi waini ni mbaya, hapana. Kuna 15.5 za Lodi, za Amador, za Paso Robles, sehemu zingine za California, ambazo ukizinywa zikiwa na miaka 3 ni furaha tupu, wala sioni kwa nini mtu aone aibu kuzipenda. Kitu kinachonikera ni ile dhana kwamba waini isiyozeeka ni ya daraja la chini, kwa hiyo kuipa heshima lazima uifungie. Kuifungia ndo kuivunjia heshima.

Kwa mwenye chupa sasa hivi asijue afanye nini, angalia lebo. Kilevi kikiwa 15.5 kwenda juu na jina la shamba hakuna, fungua ndani ya miaka 5. Ikiwa 14 na kidogo, shamba limetajwa, imechanganywa na Petite Sirah au Carignane, na mtengenezaji ana historia ya miaka mingi, unaweza kuiacha miaka 10 bila wasiwasi mkubwa. Kumbuka tu namba ya kilevi sio sahihi sana, sheria ya Marekani inaruhusu kupishana kwa nukta nzima 1 kwa waini zilizozidi asilimia 14, kwa hiyo 14.9 iliyoandikwa inaweza kuwa 15.8 halisi. Ndo maana kama unaweza nunua zaidi ya moja, ya kwanza ifungue mapema. Ikikupa matunda tu na joto, hizo zingine zisikae. Ukiskia uchachu unaokata na ukakasi unaoshika ufizi, hiyo ina pa kwenda, iache.

Kuhifadhi nadhani wengi wanajua, chupa ilale kizibo kilowe, sehemu yenye giza, nyuzi 12 mpaka 14 na zisiwe zinapanda na kushuka. Juu ya friji jikoni sio mahali pa waini, pale kuna joto na mtetemo, hata hizo chache nilizozisifia ukiziweka hapo miaka miwili mitatu zitazeeka kama za kumi. Na ikiwa ya zamani isimamishe siku moja kabla ili mashapo yatue chini, mimina taratibu, na usiiache kwenye jagi masaa mengi kama unavyofanya na changa, harufu za uzee ni chache na zinakimbia.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Mkiandika tena kuhusu Zinfandel, kila chupa mnayoipendekeza wekeni pembeni mwaka wa mavuno, asilimia ya kilevi na zabibu zilizochanganywa. Hizo taarifa tatu zinatosha msomaji aamue mwenyewe kama aifungue wikiendi hii au aiache ilale.

Msomaji wenu